Hema la Harusi ya Laras

Kaohsiung, 3 Februari

Baba mpendwa,

Assalamu alaikum. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanitafuna. Hujambo, na Mama? Kifua chako je?

Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, mzee mmoja moyo ulimsimama akinywa uji. Mwenzangu akapiga simu, mimi nikamkandamiza kifua bila kupumzika mpaka gari la wagonjwa likafika. Lilifika upesi, Baba. Leo ananiibia karata. Lingechelewa kidogo tu, tungemzika.

Nakuomba, harusi ya mdogo wangu Laras, hema lisizibe uchochoro wote. Liachie gari njia.

Binti yako,
Wening

Surabaya, 21 Februari

Mwanangu Wening,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, Mama anakusalimu. Barua yako niliwasomea majirani, tukacheka mpaka basi. Giman, mwenye mahema, kasema, "Mwambie huku moyo hausimami, upepo ndio unaingia mwilini." Kweli. Kifua kikinibana, mama yako hunipaka mafuta na kunikwangua mgongo kwa sarafu, upepo ukatoka.

Hema nusu? Watasema Sarwono bahili, kamwoza bintiye bandani kwa kuku.

Baba yako

Surabaya, 9 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua umengoja picha za harusi. Zipo, nilishindwa kuzituma.

Giman alianguka akila, chini ya hema alilolifunga mwenyewe. Wanawake wakaleta mafuta na sarafu. Mama yako akawaambia, "Wekeni chini sarafu hiyo. Wening kaandika nini?" Akapiga magoti na nguo zake za harusi, akakandamiza.

Gari nalo lilikuja upesi kama huko kwenu. Likakwama nje ya hema letu, likilia, na spika zetu zikilimeza. Nilipolisikia nilikata kamba kwa kisu cha jikoni, hema likamwangukia Laras. Tukaanza kuondoa viti na jukwaa. Hatukuwahi. Daktari alisema mikono ya mama yako ilimpigania sana, ila gari lilichelewa kumfikia. Inaniuma, mwanangu.

Sasa nimechora mstari wa rangi katikati ya uchochoro, hema la mtu halivuki. Wananiita bahili. Naitika.

Mama yako anafundisha mtaa mzima kukandamiza kifua, kwa mto wa kulalia. Jana ilikuwa zamu yangu, nikakandamiza kivivu. Akasema, "Zidisha, huyo ni Giman." Nikazidisha bila kupumzika.

Baba yako