Dalia wa Mchafukoge, uko hewani

Rahaf, usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Si unajua mtaro wa nyuma umeziba, na sisi tunaokaa ghorofa ya chini maji machafu yanaingia mpaka jikoni? Leo diwani alikuwa redioni, watu wanapiga simu kumuuliza maswali. Nikasema huyu leo namchana. Nikapiga, ikapokelewa!

Mtangazaji: "Dalia wa Mchafukoge, uko hewani."

Nikasema, "Shikamoo mheshimiwa." Akaitikia marahaba kwa lile lisauti lake, kila kitu kikanitoka kichwani. Unajua nikasema nini? "Nakupongeza kwa kazi nzuri."

KAZI NZURI, Rahaf! Na miguu yangu imo ndani ya hayo maji!

Mama akaninyang'anya simu, akamwambia diwani: "Mwanangu, achana na huyu, kachanganyikiwa. Mtaro umeziba, jiko tumelipandisha juu ya matofali. Unakuja lini?"

Diwani, kwa kasauti kembamba: "Shikamoo mama. Nakuja kesho asubuhi."

Jengo zima lilikuwa linasikiliza. Ghorofa ya juu wamepiga vigelegele, na vilikuwa vya Mama, si vyangu.

Mama kashanipangia kazi: kesho nichemshe chai, kuongea ataongea yeye.