Donge Laini

Jumanne, Ipuli

Kwa nini nilisema "laini"? Ulimi wangu huu!

Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, alikuja na mguu uliovimba. Nikampima kwa ultrasaundi kuona damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu ina ugumu gani. Nikamwambia, "Mzee wangu, donge bado laini," nikakimbia kumwita daktari, maana donge laini ndilo humeguka likapanda mapafuni.

Tuliporudi, hayupo. Kamwambia mlinzi, "Kama ni laini, mke wangu atalichua liishe."

Jioni hii mkewe ndiye kapokea simu. Nikamwamkia, nikamsihi asiuguse mguu, amrudishe haraka.

"Mbona nimeshamchua, mwanangu? Uvimbe umepungua kabisa. Kabaki na kikohozi tu, kimemshika sasa hivi."