Jina Lililokosekana Kwenye Cheti

4 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti halikusumbui na baiskeli za watu zinatoka kwa wakati. Mimi mzima, nakula, nalala. Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu ukibanwa tu, unasema mtandao unakatika.

Tajiri anataka kunipa mkataba wa kudumu, niwe mkuu wa wakata vitambaa. Miaka mitatu nimekata mapazia hapa ugenini kama kibarua, sasa mlango umefunguka. Kinachotakiwa ni namba ya mlipakodi, na mgeni haipati mpaka pasipoti na cheti cha kuzaliwa vikubaliane. Jana karani alikiangalia cheti changu, akakigeuza nyuma, akaniuliza, "Dada, mbona hakina jina?" Baba, kimeandikwa "mtoto wa kike" basi! Pasipoti alinihangaikia marehemu mama. Cheti alikwenda kukichukua nani?

Wanataka barua ya mzazi, kwa mwandiko wake mwenyewe, yenye jina langu kamili na muhuri wa serikali. Mwisho wangu tarehe ishirini Aprili. Ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Binti yako

15 Machi

Marahaba, Mama,

Goti lipo, linanitabiria mvua bure. Cheti nilikwenda mimi. Kijana wa dirishani aliuliza jina la mtoto, nikamwambia tumempa la mama yangu. Akasema, "Litaje." Unajua sijawahi kulitamka wala kuliandika jina la mama yangu, si alipokuwa hai, si baada ya kumzika. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika barabarani na watu wananung'unika, kijana akagonga muhuri hivyo hivyo.

Barua hiyo hapo, na muhuri inao. Nimekueleza vizuri, hawatakukosea.

Baba yako

27 Machi

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mafua yalinishika wiki moja, yamekwisha.

Barua yako imechekesha ofisi nzima. Umeandika kwamba nilitembea nikiwa na miezi tisa, kwamba nina kovu la spoku ya baiskeli kisiginoni, kwamba mimi mkaidi kuliko punda na ndimi furaha ya nyumba yako. Karani akamsomea mwenzake. Kisha akafuta machozi, akasema, "Mzee anakupenda kweli, lakini jina hajaliweka."

Sikulazimishi. Najua ni heshima, si ukorofi. Ila hii kazi naitaka, Baba. Nikiikosa nitakuambia haidhuru, na nitakuwa nakudanganya.

Binti yako

8 Aprili

Marahaba, Mama,

Pole kwa mafua. Siku tatu nimekaa na kalamu. Fundi saa wa banda la pili alisema aniandikie yeye, mimi nitie saini tu. Nikakataa, maana wamesema mwandiko wangu.

Leo asubuhi sikufungua banda. Nimenawa grisi mpaka viwikoni, nikavaa lile shati la harusi, nikamwambia mama huko aliko, "Niwie radhi, mjukuu wako ana haja." Nikaandika. Kisha nikaipeleka ofisi ya kata kugongewa. Mwenye muhuri akalitazama akasema, "Mzee, jina zuri hili." Na kweli ni zuri. Nilikuwa sijapata kuliangalia.

Nimeituma kwa ile posta ya haraka. Ikichelewa, ni wao, si mimi.

Baba yako

21 Aprili

Shikamoo Baba,

Namba nimepata! Barua iliingia tarehe kumi na saba, na kumi na tisa asubuhi nilikuwa dirishani kabla hawajafungua. Karani aliilinganisha na pasipoti, akalisoma jina lote kwa sauti, akanipa karatasi yenye namba. Mkataba nilisaini jana. Tajiri amenikabidhi mkasi mpya na meza ya dirishani, yenye mwanga. Nimefurahi mpaka najionea aibu.

Karani alitaka kuiweka barua yako kwenye faili. Nikamwambia atoe nakala, ya kwako anirudishie. Akasema utaratibu hauruhusu. Nikamwambia nimelibeba jina hili miaka thelathini na moja, na hii ndiyo mara ya kwanza baba yangu kunipa. Alinitazama, akaenda kutoa nakala.

Ninayo chumbani, juu ya kitanda. Sitakuomba ulitamke. Niite kama unavyoniita siku zote, nitaitika.

Mimi, Mama yako