Hewa ya Barazani

Jumatatu, 2 Julai 2012
Tumemtoa Baba Tumaini hospitali. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta, mdomo umekwenda upande. Maneno hayatoki. Miaka kumi na moja ameshona viatu kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia — haya, kapata kiinua mgongo.

Nesi Conjesta hakunificha. Presha, chumvi, ya kawaida hayo. Halafu akauliza mume wangu hushinda wapi. Nikamwambia. Akasema moshi wa magari nao unaumiza mishipa, na kiharusi cha pili mara nyingi ndicho kinachoua. Asikae kwenye moshi. Asikae kwenye moshi, Tunduma!

Jumanne, 3 Julai
Shemeji Gwalugano amefika kutoka Isongole, Ileje, na kuku mmoja na ushauri magunia mawili. Mzee wa kanisa. Kiharusi hakijui, anajua upepo mbaya. Na mgonjwa, anasema, hafichwi ndani kama mwizi. Kwao Ileje hutolewa nje apate hewa, watu wamwone, wamsalimie.

Kwao Ileje hewa inashuka mlimani. Hapa hewa ina rangi. Nilimweleza maneno ya nesi, akasema babu zao walikula moshi wa kuni na wakazeeka. Walizeeka wakikohoa!

Kambeba mwenyewe mpaka barazani, kiti kikatazama barabara. Sikumzuia. Kusema kweli kiti hicho kilinifaa — nachemsha chai ya madereva huku namwona.

Alhamisi, 5 Julai
Foleni imerefuka mpaka imepita kanisa. Hakuna anayezima injini. Kanuni yao: lori lililozimwa limelala, na aliyelala anapitwa. Basi wanaume wazima wananguruma kutwa kulinda hatua kumi za lami. Wanakunywa chai yangu, wanampa mgonjwa pole, na ekzosi inamtemea moshi usoni.

Nimemfuta uso mara nne. Kitambaa cheusi.

Anajaribu kusema kitu. Mdomo unafunguka, hasikiki. Shemeji anadai anasali.

Jumapili, 8 Julai
Wanakwaya wote wamekuja kumwona. Mmoja kasema uso umeanza kurudisha rangi. Masizi hayo, mpumbavu wewe! Sikusema. Nikampa chai.

Yunisi wa jirani kataja mganga wa Msangano. Nikamwambia mganga huyo aanze kwa kuzima malori, nitaamini. Kanuna. Anune.

Mume wangu kachoka leo. Jicho la kulia linatoa machozi lenyewe. Mdomo bado unahangaika na jambo lilelile. Shemeji: "Amina, ndugu yangu." Mjinga wa kuhitimu.

Jumatano, 11 Julai
Asubuhi. Lori la Ayoub, mteja wangu wa siku nyingi, limesimama mbele ya baraza kabisa, ekzosi imeelekea kiti. Nikamwomba azime. Akacheka kwa adabu.

"Mama, nikizima nimelala. Siku zangu nne za foleni nani atanirudishia?"

Akaagiza chapati mbili, akaketi. Lori linanguruma, mlango wazi. Baba Tumaini anakohoa, uso umekuwa wa kijivu.

Sikupanga. Nimepanda, na goti langu hili bovu. Nimezungusha ufunguo, nikauchomoa.

Kimya. Si kimya hasa, ya nyuma bado yananguruma — lakini cha kutosha. Nikasikia mafuta ya chapati. Nikasikia kuku wa shemeji. Halafu nyuma yangu sauti, imepinda, ila ni yake.

"Ndani."

Nikageuka. Akarudia. "Ndani. Ndani."

Mdomo uleule, unafunguka vilevile. Siku nane! Na sisi tunaitikia amina.

Nimemburuta peke yangu, shemeji yuko kwenye maombi. Nimekomea mlango. Ufunguo wa lori uko hapa mezani karibu na daftari. Nje honi tupu, malori yameanza kumpita Ayoub. Anagonga. Mwanzo alikuwa ananiita mama, sasa haniiti mama.

Baba Tumaini yuko kitandani, amenishika upindo wa kanga kwa mkono mzima. Haachii. Hanitazami.

Nimewacheka wote wiki nzima. Shemeji hakumsikia nesi kwa masikio yake. Mimi nilimsikia. Kiti kilinifaa mimi.

Wanagonga wengi sasa. Bawaba ya juu inacheza