Mhudumu wa Kwanza wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kozi ya huduma ya kwanza. Mke wangu kasema mzee mzima kukaa darasani na watoto, utachekwa. Nikamwambia moyo wako mgonjwa ndio unaonipeleka huko. Mwalimu ni binti wa kuwa mjukuu wangu, anafanya kazi kwenye ambulensi. Kasema kazi ina ngazi. Chini kabisa mhudumu wa kwanza — huyo ana mikono yake tu. Juu yake fundi wa ambulensi, ana machela na oksijeni. Juu kabisa paramediki, ndiye yeye, anachoma sindano na kusoma mashine ya moyo. Nikauliza, na dereva? Maana mimi nimeendesha gari la wagonjwa yeye hajazaliwa. Nilikuwa ngazi zote! Mgonjwa nyuma na Mungu wake, mimi mbele nakanyaga mafuta. Akacheka. Babu, anzia chini kama wenzako.

Jumatano, 5 Machi
Tumekandamiza kifua cha mwanasesere. Nimewashinda wote, hata lile pande la mtu, mlinzi wa shule. Kosa moja tu. Paramediki akifika, unamkabidhi mgonjwa kwa maneno machache, unatoa mikono, unasogea. Mimi sikusogea. Mwalimu kasema, Babu, mwachie huyo mama wa watu. Darasa zima mbavu hawana.
Nyumbani mke wangu kala kidogo. Eti uchovu. Nikamshika mkono nimpime mapigo, kama tulivyofundishwa. Nilipomaliza hakuutoa. Nami sikuurudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mtihani nimefaulu. Wa pili. Wa kwanza nesi, huyo hahesabiki.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika kwenye benchi la hospitali.
Asubuhi mke wangu kaanguka jikoni. Ana fahamu, anapumua, ila jasho kama kamwagiwa maji. Nikapiga simu. Nikamkalisha, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamlegezea nguo. Gari likaja, anashuka nani — mwalimu wangu. Haya Babu, nikabidhi.
Nikasema, mwanamke, miaka sabini na miwili. Mke wangu akafumbua jicho moja. Sabini, usinizeeshe. Nikaendelea, maumivu ya kifua, yameanza leo asubuhi.
Akatikisa kichwa. Yameanza Jumatano, kasema. Ningekwambia ungeacha mtihani.
Mwalimu akamtazama dereva. Mimi nimekuwa dereva. Mtazamo ule naujua.
Nikatoa mikono. Nikasogea. Kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na nimefanya nyingi.
Sasa madaktari wako naye ndani, mlango umefungwa. Dereva kaniletea ndala za mke wangu, zilibaki garini. Nimezifuta vumbi, nimezipanga hapa chini, vidole vielekee nje, asihangaike kuzigeuza akitoka.
Dereva hajaondoka. Kakaa pembeni yangu, na gari kaliacha mlango wazi. Nami zamani nilikaa hivyo na watu, mgonjwa wao akiwa hali mbaya.