Njia Nne Zilizobaki

Tirunelveli, nyumba ya wageni karibu na stendi
Jumapili asubuhi

Dada yangu Poongothai,

Salamu nyingi zikufikie wewe na Yazhini. Natumaini mko wazima nyote wawili, goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za shule, na huyo mpwa wangu ameshaota lile jino lililomfanya azibe mdomo kwenye kila picha. Mimi si mgonjwa. Nakula, nafanya kazi, studio haijanifukuza. Mwambie Yazhini kwamba halua iliyo kwenye kifurushi hiki ni yake, na asile yote siku moja. Ndani ya bahasha kuna kitu kingine kidogo kilichofungwa kwa karatasi. Hicho usimpe.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Tangu lini Thirumaran akaandika barua, utasema, mtu anayeingia na simu mpaka bafuni? Dada, kwenye simu nina ulimi mrefu. Ningekuzungusha, ningekuchekesha, ungekata ukiwa hujaambiwa kitu. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote, hasa Baba. Alhamisi tunatimiza miaka miwili tangu mdogo wetu Inban atutoke, na nataka uingie nyumbani Ambasamudram ukiwa unajua unachokwenda kukisikia.

Utajiuliza pia ninafanya nini Tirunelveli, mwendo wa saa moja tu kutoka nyumbani, halafu nalala kwa watu baki. Nitafika huko.

Nianze na Baba. Amenunua simu mpya. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo dunia yake yote imehamia masikioni. Alinipigia Jumatatu akiwa na furaha ya zamani, ile ya enzi zake za utunza saa pale stendi, basi likiingia dakika ileile aliyoiandika. Alisema fundi wa duka la simu, Pitchai, amemwekea programu mpya ya kuchezea sauti, kisha akachomeka ile kadi. Unaijua ni kadi gani. Ni ile niliyoitoa siku ya kumi na sita ya msiba, siku ya kuanua matanga, ambayo Baba hakukubali kunirudishia. Ameiweka kwenye rafu ya sala kando ya picha ya Inban, na kila Ijumaa huipaka majivu matakatifu. Pitchai aliitazama akamwambia, mzee wangu, sauti hii ina njia sita, na simu yako ya zamani ilikuwa inacheza mbili. Hizi nne zilizobaki hujawahi kuzisikia.

Baba akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba kwamba kumbe ziko nne ambazo mtoto wake anaweza kuwamo. Hataki kuzionja kabla ya siku. Atasikiliza Alhamisi, kunguru wakishakula wali wa marehemu, visikizi masikioni, sote tukiwa tumekaa mbele yake. Mashangazi ameshawaambia. Mimi akanisisitizia nisikose, maana ni mimi fundi.

Hapo juu nimekuandikia kwamba nakula. Nimekudanganya, na huo uwe uongo wa mwisho katika barua hii. Tangu Jumatatu chakula hakishuki. Naogopa, Dada. Naiogopa simu ya mzee kipofu.

Wewe si mgeni wa jambo hili. Unakumbuka mwaka ule Esakki mumeo alipokuletea filamu kwenye simu, tukajazana barazani? Muziki unalia, mvua inanyesha, mapanga yanagongana, lakini watu wanafungua midomo na neno halitoki. Shangazi Chellathai akasema jamani, waigizaji wa siku hizi ni mabubu, wanalipwa kwa kupepesa macho. Esakki akasema afadhali, angeoa mmoja wao nyumba ingetulia, nawe ukamchapa kwa upepeo. Mimi ndiye niliyeichukua ile simu. Nikawaeleza, kwa maringo yangu yote, kwamba sauti ya kuzunguka ya sinema hugawanywa njia sita. Mbili ni za mbele, kushoto na kulia. Moja ya katikati ndiyo inayobeba maneno, moja ni ya ngurumo, na mbili ni za nyuma, za mambo yaliyo mgongoni mwako. Simu inakuletea masikio mawili tu. Programu nzuri huzichanganya zote sita ziingie katika hayo mawili. Programu mbovu huchukua mbili za mbele, nyingine hutupa, wala haikuambii kwamba imetupa. Nikakuwekea nzuri, mabubu wakasema, Shangazi akapiga makofi. Ishike siku hiyo akilini.

Sasa mto. Najua hupendi kuusikia, nitakwenda haraka. Filamu moja tuliyokuwa tukiitengenezea sauti ilitaka maporomoko, nami nikajigamba studio kwamba hakuna maji yanayosema kama ya kwetu. Nikamchukua Inban, aliyekuwa nyumbani akingoja majibu ya mtihani wa benki, na Esakki, anayeujua mto kuliko sisi. Nilisimamisha mti wa maikrofoni, yaani nguzo yenye maikrofoni kadhaa, kwenye maji ya magoti, za mbele zikiangalia maporomoko, za nyuma zikiangalia ukingo. Inban alisimama majini akaushika usiyumbe. Esakki akapanda jabali lililo nyuma yangu, kwa upande kidogo. Kazi yake ilikuwa kuangalia maji, kwa sababu milimani kulikuwa na wingu. Mimi nilikaa ukingoni kwenye mashine, hedifoni masikioni, uso kwenye vipimo. Wote wawili nilikuwa nimewaonya kwamba taa nyekundu ikiwaka mtu asikohoe, asijikune, hata akiumwa na nge avumilie. Ndivyo tulivyo watu wa sauti. Ukimya wa wenzetu tunautaka kwa ukali, tukidhani ni haki yetu.

Maji yalikuja. Inban alionekana siku ya tatu.

Siku ya kumi na sita mumeo alisimama mbele ya wazee akasema alipiga kelele. Alisema hilo tu. Wajomba wakamrukia wakimwambia: Ulikuwa umelala wewe, au ulikuwa unavuta sigara zako, maana mtu akipiga kelele pale jabalini husikika mpaka ng'ambo. Wakanigeukia mimi. Nikasema sikusikia kitu, na hilo lilikuwa kweli, kwani hedifoni nilikuwa nimezielekeza kwenye njia mbili za mbele, na mbele kulikuwa maporomoko tu. Ndipo Baba akauliza kama mashine haikurekodi. Nikatoa kadi nikaitia kwenye simu yake ya zamani. Tukasikiliza barazani, dakika nne. Maji. Ndege mmoja. Maji yakiongezeka. Kisha kukatika. Hakuna mtu aliyeita. Baba akasema mashine haina shemeji, haimpendelei mtu. Esakki akaitazama ile simu, akanitazama mimi kwa muda mrefu, akavaa ndala zake akatoka. Wiki ileile ukamchukua Yazhini ukahamia Thoothukudi.

Nilijua, Dada. Simu ya Baba ilikuwa na programu ileile mbovu ya siku ya mabubu, nami ndani ya nyumba ile nilikuwa peke yangu mwenye kazi hii. Nawe ungekumbuka, lakini ulikuwa umelala chini unalia. Neno moja lingetosha. Ningesema subirini, ziko njia nne hatujazisikia. Sikusema. Nilimwacha mumeo ahukumiwe na theluthi ya ushahidi. Wala sikwenda kuzisikiliza baadaye. Kwa miaka miwili nimepita kila siku mbele ya chumba chenye spika pande zote, nakala ya sauti ile ikiwa kabatini, na sikuifungua, kwa sababu kitu kimoja nilikikumbuka vizuri: nilikuwa nimeinua mkono. Nilimwona Esakki kwa pembe ya jicho akipunga, nikamwinulia mkono atulie. La kuvunda halina ubani, Dada. Nililifukizia miaka miwili na bado linanuka.

Jumanne niliiweka kwenye simu yangu programu ileile aliyowekewa Baba, ili nisikie atakachosikia yeye. Nikapanda juu ya paa mchana kweupe, watu wakianika nguo, nikavaa visikizi. Programu hizi mpya zina ufundi wake. Ya mbele huyaweka mbele, ya nyuma huyaweka nyuma ya shingo yako. Maji yakaanza mbele yangu. Ndege yule. Halafu mgongoni kwangu, karibu kiasi cha kuhisi pumzi, Esakki akaita: Inban, toka! Maji mekundu hayo, toka! Niligeuka, Dada. Niligeuka na kumkuta mama wa watu anakamua shuka.

Akaita mara ya pili. Kisha ikaja sauti nyingine, ya mtu aliyegeuza uso kuelekea ukingoni, na huyo ni mdogo wetu. Hakuwa na hofu. Aliuliza tu: Kaka, shemeji anasemaje?

Kisha ikaja yangu. Sikujua kuwa nilisema; lazima niliona midomo yao ikicheza. Mtu mwenye hedifoni hajisikii anavyofoka. Nilisema: Nyamazeni nyote, mnaniharibia sauti! Wewe Inban, kaa hapohapo.

Naye akakaa. Dada, yule mtoto alikuwa hanisikilizi hata nikimwambia anyoe ndevu, lakini siku hiyo alikaa.

Sasa unajua kwa nini niko Tirunelveli. Ijumaa nilikwenda kumtafuta mumeo. Sikuhangaika, watu wote wa kandokando ya mto huku chini wanamjua. Hushinda kwenye ngazi za kuogea za hapa Tirunelveli, na wingu likikaa milimani huanza kuwafukuza watu majini. Hakuna aliyemwajiri. Wafua nguo wanamwita Bwana King'ora. Wanamtania kwamba hata mbwa akikojoa huko juu yeye atapiga kelele, naye huwajibu kwamba bora afukuze watu mara mia bure. Amekonda. Aliniuliza habari za goti lako kabla hajaniuliza za kwangu.

Nikampa visikizi asikilize. Akakataa. Alisema yeye alikuwepo, wapelekee ambao hawakuwepo. Nikamuuliza kwa nini alipoambiwa nyamaza alinyamaza. Akasema alidhani nimemsikia, na kwamba fundi anajua anachofanya. Hata yeye mwenyewe akaanza kutilia shaka macho yake. Nikamuuliza, nikiwa siwezi kumtazama, kwa nini siku ile ya wazee hakusema kwamba mimi ndiye niliyemnyamazisha. Akasema Baba alikuwa ameshapoteza mtoto mmoja, na wa kiume aliyebaki alikuwa mimi. Mkono wa nani, shemeji, ungethubutu kumwondolea na huyo?

Nililia pale ngazini mbele ya wafua nguo, na sioni aibu kukuandikia.

Kwa hiyo sikiliza nitakachofanya. Jumatano jioni nitaingia nyumbani na nitamwambia Baba kwa mdomo wangu, kabla wali haujapikwa. Nilifikiria kuibadilisha kadi. Nakiri hilo pia. Nilishaandaa nyingine, tupu kwenye njia za nyuma, na kumbadilishia kipofu kadi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nimeivunja kwa koleo leo asubuhi. Baba atamsikia mtoto wake kama alivyotaka, na atanisikia mimi nikimwambia mtoto wake akae. Sijui itakuwaje baada ya hapo. Nikiyafikiria masikio yake yale, yanayotambua basi kwa mlio wa breki, naona bora maji yangenichukua mimi. Lakini hayakunichukua.

Sikuombi unitetee, wala sikuombi unisamehe kabla ya wakati wako. Miaka miwili ya mtoto bila baba yake sina cha kuilipa. Naomba jambo moja. Esakki hatakuja Alhamisi akiitwa na mimi, nimemwomba akakataa. Ukimwita wewe atakuja. Mpitie pale ngazini, na aingie kwa mlango wa mbele.

Nisalimie walimu wenzako, na yule bibi jirani anayewalindia mlango. Mbusu Yazhini mashavu yote mawili. Mvua zimeanza huku, jifunikeni.

Mimi ndugu yako, ambaye ukipenda bado ni ndugu yako,
Thirumaran

Nyongeza: Kilichofungwa kwenye karatasi ni kadi yenye sauti yote. Simu yako itaicheza sawasawa, niliitengeneza mwenyewe. Ukisikia maji tu, ujue hujasikia. Na baada ya sauti yangu utakuta sekunde kumi na tisa ambazo hakuna anayesema kitu. Usidhani simu imeharibika. Hapo ndipo Esakki alipokuwa ananitii.