Mbegu Ulizozilaza kwenye Friji

Mama Nekesa wangu,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa jikoni kwetu Saltley, huku ughaibuni, kile cha dirishani, kwa sababu miche yako iko mbele yake na lazima niiangalie. Ni sita. Nitakueleza ilivyokuwa, na utanivumilia nikieleza mno, hilo ulilizoea.

Unakumbuka Mzee Jaswant, jirani yetu wa kishamba cha kukodi, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, alipotupa lile ganda la mmea wa maziwa, ule ambao ukivunja jani unatoa utomvu mweupe. Ulilipasua kwa kidole gumba. Mbegu zilikuwa bapa, za kahawia, kila moja na manyoya yake laini kama hariri. Ukapuliza moja, ikatua kwenye kilemba chake. Akacheka, akasema, "Mama, hiyo acha, inataka kurudi nami Nakuru."

Mimi nikazitunza kama mama yangu alivyotunza mbegu za mahindi: juu, penye joto. Yeye alizitundika juu ya meko; mimi niliziweka kabatini juu ya boila ya kupashia maji. Nilipozipanda, nilimwagilia udongo mtupu wiki tano. Ukaniambia Jaswant amesema zinataka baridi kwanza. Nikakucheka. Nilisema nimefundisha kilimo maisha yangu yote na sijaona mbegu inayoamshwa na barafu. Ulikuwa umetoka zamu kazini kule Perry Barr, miguu imekuvimba. Hukubishana. Ulisema tu, "Sawa, Mwalimu," ukapanda ngazi kwenda kulala.

Hiyo "sawa" ndiyo inayoniuma.

Ulituacha kabla baridi haijaisha. Baada ya mazishi Nekesa alikuja kunisafishia friji. Nyuma kabisa akakuta kopo la siagi, akalifunua, akaniambia kwa Kiingereza kwamba humo kuna uchafu, akaelekea kwenye pipa. Nikamwambia alete. Ndani mlikuwa na kitambaa chenye unyevu, na mbegu za lile ganda ulizobakiza, zimelazwa kwa mistari kama watoto wa bweni. Ulikuwa umezificha ili nisiaibike. Nilikaa chini. Nekesa akaniletea maji, akidhani ni presha.

Nilipanda baadhi siku hiyohiyo, juujuu tu. Siku ya tisa shingo moja nyeupe ilijikunja kutoka kwenye udongo, bado imevaa ganda lake kichwani kama kofia. Sasa nimeelewa, mke wangu. Mbegu hii ikiota mara tu inapodondoka, theluji itaiua. Kwa hiyo hulala hadi baridi ipite juu yake. Miche iliyoota ilikuwa saba. Mmoja niliuvunja nikiuhamisha, na utomvu ukanigandia kidoleni. Sikunawa hadi jioni.

Jaswant anasema mwaka wa kwanza mmea huu hujenga mizizi tu, maua tungoje mwaka ujao au ule mwingine. Zamani ningembishia. Sijui nimebakiwa na miaka mingapi, na nyumba hii ni kubwa mno bila hatua zako ngazini.

Mbegu zilizobaki nimezirudisha kwenye kopo lako, nyuma kabisa, palepale. Nekesa nimemwambia asiliguse. Ulikuwa sahihi, nami sikukuambia ulipokuwa ukinisikia.

Sawa, Mama Nekesa. Sawa.

Mumeo,
Baba Nekesa